Mstari Usio na Jina

Kadi ilitoka mdomoni mwa mashine ya kuchapa ikiwa tupu, isipokuwa mstari mmoja mweusi katikati. Juu ya mstari hapakuwa na neno, na chini yake hapakuwa na neno. Niliipeleka kwenye mwanga wa dirisha nikapitisha kidole: mstari ulikuwa umezama katika karatasi kama alama ya kamba kwenye kifundo cha mkono.

Fremu ya herufi niliyoifunga mashineni haikuwa na mstari. Ilikuwa na vipande vya nafasi peke yake, vile vifupi ambavyo kazi yao ni kujaza pengo bila kuigusa karatasi. Mstari wenyewe, ule wa kibao cha shaba, ulikuwa ndani ya kopo, kopo ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa Bi Maua, mwenye mashine.

"Kanyaga tena," Bi Maua akasema.

Nikakanyaga. Kadi ya pili ikatoka na mstari wake.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uani, muuza maji anapiga kengele ya baiskeli nje. Na mwanangu alikuwa amelala wodini, hospitali ya Kitete, siku ya tatu halii, hanyonyi, anatazama tu.

*

Nilifika kwa Bi Maua miaka miwili kabla ya hapo, nikitafuta mtu wa kunichapia cheti cha kumaliza madarasa ya jioni. Mwalimu wetu alitaka vyeti vyenye heshima, na mjini Tabora watu wakitaka karatasi yenye heshima huelekezwa mtaa wa Isevya, kwenye nyumba ya bati jekundu, kwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilikwenda kuchukua cheti nikabaki nikiitazama mashine. Nzee, nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyelala, inafumbua na kufumba mdomo kila mguu unapokanyaga pedali. Bi Maua aliniona.

"Unajua kusoma kichwa chini?"

"Sijajaribu, Bibi."

"Njoo ujaribu."

Nilijaribu, na tangu siku hiyo nikawa mpangaji wa herufi. Unasimama mbele ya sanduku la vijumba, kila herufi ya risasi katika kijumba chake, unaziokota moja moja na kuzipanga kinyume kwenye kijiti cha chuma, kichwa chini, mpaka kidole gumba kinajua chenyewe ipi ni n na ipi ni u. Maduka ya kompyuta yalikuwa yametuzunguka pande zote. Bi Maua hakuyaogopa.

"Wao wanapaka, sisi tunachoma," alipenda kusema. "Umeme ukikatika wao wanacheza bao. Sisi tunakanyaga."

Kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kadi za waliofariki. Za khitma, za arobaini, za misa za kumbukumbu. Waislamu na Wakristo wote walikuja. Herufi ya risasi huingia ndani ya karatasi, na jina la marehemu unaweza kulisoma kwa kidole, hata ukiwa umefumba macho, hata ukiwa kipofu. Nimewaona watu wazima wakisimama mlangoni petu wakipapasa jina la mama yao.

Na chini ya kila jina la marehemu, kwa Bi Maua, ulikuwapo Mstari.

Kila matbaa, kila nyumba ya uchapaji, ilikuwa na vibao vyembamba vya kupigia mistari, vya shaba, vilivyonunuliwa ng'ambo. Vya kwetu vya kawaida vilikuwa kwenye droo, tunavitumia kwenye fomu na stakabadhi. Huu mmoja ulikuwa peke yake. Urefu wake kama shibiri, rangi yake nyekundu kidogo kuliko ya vile vingine, na ubavuni una alama za tupa. Ulifungwa kwenye kipande cha kanga. Siku yangu ya kwanza Bi Maua aliuweka kiganjani mwangu, akaniacha nihisi uzito wake. Ulikuwa na ubaridi wa kitu kilichotolewa mtungini, na nje kulikuwa na joto la Oktoba.

"Huu ni wa wafu peke yao," alisema. "Ukishachapa, unautoa kabla hujagusa herufi nyingine. Unaufuta, unaufunga, unanipa mkononi. Hautiwi chini ya jina la mtu hai. Si kwa mzaha, si kwa kujaribu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Lakini kwa nini?"

Akanisimulia alivyosimuliwa na baba yake, mzee Omari, aliyeanzisha matbaa. Zamani za Vita Kuu ya Pili, vifaa vilikuwa haviji. Mzee Omari alikuwa na shamba Itetemia, nje kidogo ya mji, pale inapopita ile njia ya zamani ya misafara ya pwani. Siku moja jembe lake liligonga kitu. Alikuta masango, waya nene wa shaba uliokunjwa duara, bidhaa ambayo wapagazi walibebeshwa mabegani kutoka pwani kuja bara. Chini ya waya alikuta mfupa wa bega.

"Akamzika yule mtu vizuri, akaweka jiwe," Bi Maua alisema. "Waya akauchukua. Alihitaji shaba. Fundi akauyeyusha, akaufua, akamchongea mstari. Wiki ya kwanza aliutumia kwenye kadi ya harusi." Akaufunga ufunguo shingoni. "Bibi harusi hakumaliza mwezi. Ndipo baba akasema, huu ni mzigo wa mtu. Tuutumie kwa wenzake."

Niliitikia kwa adabu. Moyoni nilijisemea kwamba mimi nimefaulu biolojia.

*

Julieth wangu alizaliwa mwezi wa nane, mchana, mnene, na kwenye bega la kulia alikuwa na doa. Si jeusi sana. Lilikuwa lenye kung'aa na gumu kidogo, kama ngozi iliyosuguliwa na kitu kwa muda mrefu. Mkunga alisema ni alama ya kuzaliwa tu, na mimi niliibusu kila nilipomwogesha.

Wiki ya tatu akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Mama yeyote anavijua hivyo. Alilia kama mtu anayemwita mtu. Analia, ananyamaza kidogo, anasikiliza, kisha anaanza tena. Tulikwenda Kitete mara nne. Walimpima kila kitu, wakamkuta mzima. Mume wangu Samweli alijifunza kuimba. Majirani walijifunza kututazama kwa huruma. Mama yangu, kwa simu kutoka Nzega, alikuwa na jibu lake moja.

"Anadai jina huyo, mayu, mwanangu. Kuna mtu wa kwetu anataka kuitwa. Mpelekeni akaangaliwe."

"Mama, ana jina. Anaitwa Julieth."

"Hilo mmempa ninyi," mama akasema. "Amelidai lini?"

Nilikasirika, nikakata simu. Nililipenda jina nililompa. Nilikuwa nimelichagua mimba ikiwa na miezi mitatu, nikiwa matbaani jioni chini ya taa inayotetemeka, nikaliandika pembeni mwa daftari la oda. Tukapanga ubatizo mwezi wa kwanza, na nikaamua kuchapa kadi mwenyewe, sitini, kwa mikono yangu. Ilikuwa zawadi pekee niliyojua kuitengeneza.

Sasa nieleze nilivyokosea, maana kosa lenyewe ni la kazi yetu.

Mpangaji mchovu haanzi fremu upya. Anachukua iliyopo, yenye maua ya pembeni yaliyokwisha pangwa, anatoa maneno ya zamani na kuingiza mapya palepale. Mezani palikuwa na fremu ya kadi ya arobaini ya mzee mmoja wa mjini, niliyoimaliza jana yake. Bi Maua alikuwa amekwenda msibani tangu jana hiyo, ufunguo kaniachia. Mtoto mgongoni analia. Nikalitoa jina la mzee, nikalipanga la mwanangu, vizuri, kwa herufi kubwa. Nikabadilisha tarehe. Nikakaza fremu, nikaibeba hadi mashineni, nikakanyaga huku nikimbembeleza. Sitini. Nikazitundika kwenye kamba zikauke.

Bi Maua alirudi alasiri, akavua ushungi, akasogea kwenye kamba na miwani yake. Nilimwona mgongo wake tu. Mgongo ule ulisimama.

"Mama Julieth," akasema, polepole sana. "Mstari umeuweka wapi?"

Nikatazama kadi. Sitini zote: JULIETH, na chini ya jina, mweusi, umenyooka, Mstari, niliousahau kwenye fremu tangu jana yake.

Wakati huohuo nikagundua kwamba chumba kiko kimya. Nilisikia mshale wa saa ya ukutani. Nilisikia njiwa batini. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimesikia njiwa. Nikamfungua mtoto mgongoni. Alikuwa macho. Hana homa, anapumua. Alikuwa ameacha kuita, na anatazama pembeni mwa chumba, pale penye kabati, jinsi unavyomtazama mtu aliyekwisha fika.

*

Tulizichoma kadi uani. Julieth hakunyonya jioni ile, wala asubuhi. Kitete walimpokea, wakamtundikia dripu, wakampima tena na tena, na daktari kijana akaniambia ukweli kwa upole: hawaoni ugonjwa, lakini mtoto wa miezi mitano hawezi kukaa hivi siku nyingi. Nilikamua maziwa, nikamdondoshea mdomoni kwa kijiko. Yalitoka pembeni. Kwa miezi minne nilikuwa nimemwomba Mungu anipe kimya. Nilikaa kwenye kile kimya na kukichukia.

Siku ya tatu asubuhi wifi yangu Imakulata alikuja na chai.

"Nenda ukaoge, wifi. Unanuka wino na maziwa. Mimi nipo."

Sikwenda kuoga. Nilikwenda Isevya.

Bi Maua alikuwa akinisubiri, au labda alikuwa amesimama tu mlangoni. Tangu siku ile alikuwa akijaribu kuchapa kadi za Julieth upya, bila Mstari, ili jina la mtoto litoke safi walau mara moja. Kila kadi ilitoka na mstari. Alidhani ni alama ya zamani iliyobaki kwenye karatasi za mto, zile zinazowekwa nyuma ya kadi, akazibadilisha zote. Akaosha rola kwa mafuta ya taa. Mstari ukabaki.

"Litoe jina lake kabisa," aliniambia. "Weka nafasi tupu. Tuone kama ni mashine."

Ndivyo ilivyokuwa. Ndipo zikatoka zile kadi mbili: mstari mtupu, na juu yake peupe. Na nilipopatazama pale peupe, mimi niliyefaulu biolojia, niliona ni peupe pa fomu. Unajua zile fomu tunazochapa kila siku: mstari, na juu yake unatakiwa kujaza.

Nikampigia mama.

"Mama, shikamoo. Kwetu kuna jina gani ambalo mtoto hajawahi kupewa?"

Nikasikia kuku wake.

"Nani kakuambia habari hizo?"

"Hakuna. Nauliza mimi."

"Lipo," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka kama anayeongea mbele ya mgonjwa. "Ngollo. Kaka yake babu mzaa babu yako. Alikwenda pwani na misafara, kubeba. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Wakasema walimwacha njiani anaumwa, watu wakamfuata wasimwone. Mama yake akakataa matanga. Akasema mwanangu hajafa, yuko njiani. Kila jioni alimwekea ugali mpaka alipokufa yeye. Sasa mtu ambaye hajaliliwa, jina lake utampaje mtoto? Tukaliacha."

"Njiani wapi, mama?"

"Nani ajue, mayu? Njia ni hiyohiyo inayopita huko kwenu."

*

Bi Maua alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Walipita maelfu," akasema. "Utajuaje kuwa ni yeye?"

"Sijui, Bibi."

"Na ukiweka jina lisilo lake?"

"Hakuna mwenye jina hilo duniani. Sitamdhuru mtu. Mimi nina jina ambalo halina kaburi. Wewe una kaburi ambalo halina jina. Naomba ufunguo."

Akainamisha kichwa, kama msichana anayevuliwa mkufu, nikautoa ufunguo mwenyewe.

Nilipanga herufi kubwa; zile za mbao, kubwa kabisa, zilikuwa zimeliwa na wadudu, nikachukua za risasi. N. G. O. L. L. O. Nikaulaza Mstari chini yake. Ulikuwa na baridi ileile. Kadi ya marehemu huwa na tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, na mimi sikuwa nayo hata moja. Nilisimama mbele ya vijumba nikifikiri, kisha nikapanga maneno niliyoyajua: *Alikuwa njiani kurudi nyumbani.* Nikaweka nukta.

Kadi moja tu. Nilikanyaga mara moja, mashine ikafumba mdomo, ikakaa hivyo muda zaidi kidogo ya kawaida, au nilidhani, ikafumbua.

Jina lilikaa juu ya mstari kama mtu aliyepata mahali pa kukaa.

Nikafungua fremu, nikatoa jina, maneno na Mstari, nikaacha nafasi peke yake na kukanyaga tena. Kadi ikatoka nyeupe. Bi Maua akaipeleka dirishani, akaipapasa mbele na nyuma, akaniwekea mkononi. Hapakuwa na kitu. Alijitanda ushungi, akalitwaa kopo, akasema, "Twende."

Bajaji ilitufikisha Itetemia hadi pale matairi yalipokataa. Shamba la mzee Omari sasa ni la watu wengine. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, mabichi, na mwenye shamba alituruhusu bila maswali mengi baada ya Bi Maua kumwambia tunamtembelea mtu wetu. Jiwe lilikuwapo ukingoni, limezama nusu. Nilichimba kwa jembe la kuazima. Tulipofika kina cha mkono Bi Maua akaufungua Mstari kutoka kwenye kanga, akaubusu, akaulaza. Juu yake niliweka kadi, jina likitazama juu.

"Sijui dini yake," Bi Maua akasema. "Mungu anaijua." Akainua mikono akamwombea.

Mimi sikujua niombe nini. Nikaongea kama nilivyokuwa naongea na bibi yangu, kwa lugha ya nyumbani, nikamwamkia. Nikamwambia mama yake alimngojea. Nikamwambia Nzega si mbali tena. Kisha nikalia kwa sauti, wazi, kama watu wanavyolia kwenye matanga, na Bi Maua, ambaye hakuwa ndugu wa Ngollo wala wangu, akalia pamoja nami katikati ya mahindi ya watu.

Simu iliita mfukoni nikiwa bado na udongo mikononi. Imakulata.

"Wifi," akasema. "Sikiliza."

Akaisogeza simu. Kwanza nikasikia kelele za wodi, sufuria, mtu anakohoa. Halafu nikamsikia mwanangu. Alikuwa analia kwa hasira, kwa pumzi fupi, kilio cha kawaida kabisa, kile kisichohitaji kuaguliwa na mtu yeyote.

"Njaa hiyo," Imakulata akapiga kelele juu yake, anacheka. "Njoo umnyonyeshe mtoto wako, umekwenda kuoga ziwani?"

*

Alibatizwa Julieth. Nyumbani tunamwita Ngollo, na Samweli, aliyesema mwanzoni kuwa hilo ni jina la mwanamume mwenye ndevu, ndiye anayelitamka kuliko wote. Doa la begani lilififia mwaka wa pili. Nikilitafuta leo silioni. Bi Maua anaendelea. Kadi zetu za marehemu sasa zinapigwa mistari ya droo, na wapo wateja wanaosema si kama zamani. Tunawajibu kuwa shaba imekwisha.

Hunisumbua jambo moja, na sijamwambia mtu.

Mwezi uliopita nilikuwa na kadi za kupeleka Itetemia, kwa familia moja. Ngollo ana miaka minne na nusu, anapenda kusaidia. Akaomba mzigo, nikampa kifurushi kidogo cha karatasi. Hakukibeba kichwani kama watoto wenzake. Alikiweka bega la kulia. Tulipotembea kidogo akakihamishia la kushoto, kisha la kulia tena, bila kusimama, bila kuangalia, hatua zake hazikubadilika. Sikuwahi kumpitisha njia hiyo. Tulipokaribia lile shamba nilipunguza mwendo.

Kwenye ukingo wa mahindi akasimama. Akakishusha kifurushi polepole, akakilaza chini kwa mikono miwili, akajifuta paji la uso.

"Tumefika," akasema.

Sikumuuliza tumefika wapi. Nilichuchumaa karibu naye, tukakaa pale, upepo ukipita majanini, mpaka alipopumzika kiasi chake. Kisha akaniangalia, akakiokota kifurushi akanipa mimi, akatangulia mbele akirukaruka, mikono mitupu.